Steki na wanga kwenye sahani moja: mwongozo kamili kuanzia buchani hadi kiporo

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye simu zetu: ukila nyama pamoja na ugali, wali au viazi, tumbo linashindwa kusaga vyote viwili, nyama inaozea ndani na wanga unageuka mafuta. Wapo walioufuata hadi wanakula steki tupu mchana na ugali kwa mboga za majani usiku, wakiamini wameokoa afya yao. Naanza na hilo kwa sababu bila kulijibu, maelekezo mengine yote yanakosa pa kusimama.

Wazo lenyewe ni la zamani. Lilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na daktari wa Marekani, William Howard Hay, aliyefundisha kwamba vyakula vya protini na vya wanga visikutane katika mlo mmoja. Mwili haufanyi kazi hivyo. Mate huanza kuvunja wanga chakula kikiwa bado mdomoni. Asidi ya tumbo huanza na nyama. Kisha vyote vikiteremka kwenye utumbo mwembamba, kongosho humimina kwa pamoja vimeng'enya, yaani vichocheo vya kusaga chakula, vya wanga, vya protini na vya mafuta, wala haisubiri kimoja kiishe. Maharage yana protini na wanga ndani ya punje moja, na hakuna aliyewahi kuyatenganisha kabla ya kuyala. Mwaka 2000 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watu wenye uzito uliozidi: kundi moja lilitenganisha vyakula, lingine lilikula mlo wa kawaida wenye nishati ileile. Makundi yote mawili yalipungua uzito kwa kiasi kinachokaribiana. Kilichofanya kazi ni kupunguza kiasi cha chakula.

Kwa hiyo tatizo la sahani yetu ni kipimo: mlima wa ugali, nyama kidogo au nyingi kupita kiasi kutegemea mwezi uko wapi, na mboga kijiko kimoja pembeni. Na upande wa steki kuna tatizo la pili, kwamba tunaipika kwa maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya ng'ombe wa kwingine. Steki za kwenye video nyingi zinatoka kwa ng'ombe wa Marekani walionenepeshwa kwa nafaka, nyama imeingiwa na mafuta katikati ya nyuzi. Ng'ombe wetu wa zebu, Boran au Ankole mara nyingi amekula majani, ametembea, na nyama yake ina mafuta machache. Ina ladha nzuri sana, naipenda kuliko ile, lakini inataka kushikwa kwa namna yake.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kwenda buchani

Mtu mzima mmoja anatosheka na gramu 150 za nyama mbichi isiyo na mfupa. Ikiiva hupungua kwa robo hivi, ikabaki kama gramu 110. Kwa watu wanne, nunua gramu 600. Nusu kilo na kipande kidogo, basi.

Watu huuliza kama gramu 110 si kidogo mno. Ndani yake mna karibu gramu 30 za protini, sehemu nzuri ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, pamoja na madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kwa urahisi kuliko yale ya mchicha. Taasisi ya utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, inashauri nyama nyekundu isizidi kati ya gramu 350 na 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Kwa kipimo hiki unapata milo mitatu ya steki kwa wiki, minne ukibana, na bado uko ndani ya mstari.

Upande wa wanga, igawe sahani kwa macho: nusu iwe mboga za majani, kachumbari au mboga nyingine, robo iwe nyama, robo iliyobaki iwe wanga. Robo hiyo ni kama ngumi yako moja. Najua ngumi moja ya ugali inaonekana kama kumnyima mtu chakula, hasa kwa aliyeshinda shambani au kwenye ujenzi. Huyo aongezewe, kazi yake inauchoma. Kipimo hiki ni cha anayeshinda kwenye kiti.

Hatua ya pili: buchani, taja sehemu

Kwenye mabucha mengi ya Tanzania neno steki lina maana ya mnofu usio na mfupa, bei juu kidogo ya mchanganyiko. Mnofu huo unaweza kuwa wa paja, wa bega au wa shingo, na kila mmoja hupikwa tofauti. Ukisema tu "nipimie steki nusu" utapewa kinachoning'inia karibu. Sema hivi: "Kaka, nataka ya sarara, au kama imeisha nikatie ya mgongoni. Vipande vinene, usinikatie vidogo vidogo, na ukate kukatiza nyuzi."

Sarara, ambayo hoteli na mabucha ya Kenya huiita fileti, ndiyo laini kuliko zote kwa sababu msuli ule haufanyi kazi nzito. Ya mgongoni inafuata, na kwa ladha mimi naiweka juu ya sarara. Nyama ya paja inafaa ikikatwa nyembamba au ikilainishwa. Bega, shingo na kidari vipeleke kwenye sufuria ya mchuzi. Ukivikaanga kama steki utatafuna hadi taya ziume.

Unene uwe sentimita 2.5 hivi. Kipande chembamba kinakauka kabla hakijapata rangi.

Angalia muhuri wa mkaguzi kwenye nyama. Hilo si la kupuuza, na nitalirudia kwenye kupika. Angalia pia rangi na mguso. Nyama nyeusi kama zambarau iliyoiva, inayonatanata mkononi ingawa imechinjwa leo, iache. Sababu yake inajibu swali ambalo watu huuliza sana: je, nyama yenyewe ina wanga?

Mezani, jibu ni hapana, steki ina wanga karibu sifuri. Lakini ng'ombe akiwa hai, misuli yake huhifadhi aina ya wanga iitwayo glikojeni, ambayo mwanasayansi Claude Bernard wa Ufaransa aliitenga kutoka kwenye ini mwaka 1857. Ng'ombe akishachinjwa, glikojeni hugeuka asidi ya laktiki, na asidi hiyo hushusha pH ya nyama (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imeongezeka) kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5 ndani ya siku moja. Hapo ndipo nyama inapopata wekundu wake mzuri na uwezo wa kukaa bila kuharibika haraka. Ng'ombe aliyesafirishwa kwa lori kutoka Shinyanga hadi mnada wa Pugu, hajanywa maji, ameogopeshwa na kupigwa, kisha akachinjwa bila kupumzishwa, huwa ameshachoma glikojeni yake yote. Asidi haitengenezwi ya kutosha, nyama inabaki nyeusi na yenye kunata, na bakteria huiharibu mapema. Kumtendea mnyama vyema kunaonekana hadi kwenye kikaango.

Hatua ya tatu: ipe nyama muda

Tunapenda nyama ya leoleo, iliyochinjwa alfajiri na kuliwa mchana. Kwa supu ni sawa. Kwa steki ni shida, kwa sababu saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na ng'ombe huchukua hadi siku nzima au zaidi kulegea tena. Ukiikaanga katika kipindi hicho itakuwa ngumu hata ikiwa sarara.

Kama una friji inayofanya kazi vizuri, nyuzijoto 4 au chini, weka nyama humo siku mbili hadi tatu juu ya wavu au sahani, ikiwa imefunikwa kwa kulegea. Vimeng'enya vya nyama yenyewe hulainisha nyuzi taratibu. Usiitupe kwenye friza ikiwa bado ina joto la machinjioni: ikigandishwa kabla haijakakamaa, itakakamaa vibaya siku ya kuyeyuka na kumwaga maji yake yote. Ilale kwanza kwenye friji, kisha ndipo igandishwe.

Huna friji, au umeme wa kwako unakatika ovyo? Tumia papai bichi. Maji ya papai yana kimeng'enya kinachovunja protini, na wapishi wa mishkaki wa Pwani wamekijua kwa vitendo muda mrefu. Lisage au ulikune upate kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo, paka, acha nusu saa kwa vipande vyembamba au saa moja kwa vinene. Usilaze usiku kucha. Nje itakuwa uji na ndani ngumu vilevile. Tangawizi mbichi nayo inasaidia, kwa nguvu ndogo zaidi.

Chumvi: ama dakika 40 au zaidi kabla ya kupika, ama papo hapo nyama ikiingia kikaangoni. Katikati ya hapo ndipo pabaya, kwa sababu chumvi imeshavuta maji juu na hayajarudi ndani. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha gramu 600.

Hatua ya nne: chagua wanga unaofuatana na steki yako

Hapa ndipo naona mapishi mengi ya nyumbani yanapoteza. Steki ya kukaanga ni kavu kwa asili yake, haina mchuzi. Ugali nao ni mkavu. Ukiviweka pamoja bila kitu cha kulainisha, mlaji anakunywa maji kila tonge. Kwa hiyo ukitaka ugali, lazima kuwe na mchuzi wa kikaangoni au kachumbari yenye majimaji ya nyanya na ndimu, na mboga kama sukuma wiki au mchicha wa nazi.

Viazi mviringo ndivyo rafiki wa steki kwa urahisi zaidi. Ufaransa na Ubelgiji wamejenga mlo mzima juu ya steki na viazi vya kukaanga. Kama unataka chipsi, loweka viazi vilivyokatwa kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, kausha kabisa, kaanga kwanza kwa moto wa wastani hadi vilainike, toa, kisha rudisha kwenye mafuta moto zaidi vipate rangi. Vya kuchemsha na maganda yake ni bora kwa mlo wa kila siku, mafuta hayaingii.

Kwa upande wangu, ndizi mbichi za kuchemsha ndizo zinazokaa vizuri zaidi na nyama hii yetu isiyo na mafuta. Watu wa Bukoba na Kilimanjaro hawahitaji kuambiwa, wala Waganda. Zina utelezi wake, zinapokea mchuzi bila kulowa.

Wali mweupe unafaa, ila uwe na nyama iliyokatwa nyembamba na mchuzi. Wali wa nazi una mafuta yake tayari, basi punguza mafuta ya kikaango.

Kiasi cha wanga hutofautiana, na mwenye kisukari anahitaji kulijua hili. Katika gramu 100 zilizopikwa, viazi mviringo vina kama gramu 20 za wanga, ugali na wali vinakaribia 28, muhogo unapita 35. Ngumi moja ya muhogo si sawa na ngumi moja ya viazi. Dona ina pumba na kiini cha mahindi ambavyo sembe imevipoteza, kwa hiyo inashibisha zaidi kwa kiasi kilekile.

Hatua ya tano: pika kwa mpangilio huu

Wanga kwanza, steki mwisho. Ugali uliofunikwa vizuri hukaa moto zaidi ya robo saa, wali na ndizi hukaa zaidi ya hapo. Steki haisubiri mtu.

Kwa ugali wa watu wanne wanaokula kwa kipimo, chemsha maji robo tatu ya lita, tia unga kidogo upate uji, uache uchemke dakika tano, kisha ongeza unga ukisonga hadi jumla ifike gramu 350 hivi. Dakika zile za uji usiziruke: punje za wanga zinahitaji maji na moto ili zivimbe na kuiva, na ugali unaosongwa haraka ndio ule unaobaki na ladha ya unga. Punguza moto, songa, funika dakika tatu, songa tena, ipua.

Sasa nyama. Itoe kwenye friji nusu saa kabla. Ikaushe kwa kitambaa safi au karatasi hadi juu pawe pakavu kabisa, kwa sababu rangi ya hudhurungi na harufu ile tamu hutokea juu ya nyuzijoto 140 hivi, na palipo na maji joto haliwezi kupita 100. Kikaango kizito cha chuma kiweke motoni hadi tone la maji liruke. Mafuta kijiko kimoja cha chakula. Weka vipande bila kuvibananisha. Vikibanana vinatoa maji na kujichemsha.

Kwa unene wa sentimita 2.5, dakika 3 hadi 4 kila upande hukupa nyama yenye uwaridi katikati, dakika 5 hukupa iliyoiva. Unaweza kugeuza mara kadhaa, hakuna ubaya. Na ile imani kwamba kuunguza nje "kunafunga" maji yasitoke haina ukweli. Tunaunguza kwa ajili ya ladha.

Iive kiasi gani? Ng'ombe anaweza kubeba vifuko vya minyoo ya tegu ndani ya msuli, na mtu huipata kwa kula nyama isiyoiva. Mkaguzi hupasua na kutafuta vifuko hivyo, ndiyo maana nilisisitiza muhuri, lakini moto ndio kinga ya uhakika. Kipimo rasmi cha Marekani kwa kipande kizima ni nyuzijoto 63 katikati, kisha nyama ipumzike dakika 3. Kipimajoto cha nyama kinafaa kununuliwa kuliko vifaa vingi vya jikoni. Kama huna, pika hadi katikati pasiwe pabichi wala pa baridi. Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa wapikiwe hadi uwaridi uishe. Nyama ya kusaga ni habari nyingine: ifike 71, kwa sababu vijidudu vya juu vimeshachanganywa hadi ndani.

Yale maji mekundu kwenye sahani si damu. Damu ilitoka machinjioni. Ni maji ya msuli yaliyobeba rangi ya mayoglobini, protini nyekundu ya nyama.

Kwenye jiko la mkaa, sogeza makaa upande mmoja. Pata rangi upande wenye moto, malizia upande usio na makaa. Mafuta yakidondoka na kuwasha ndimi za moto, ondoa nyama hapo. Moshi ule na sehemu zilizoungua kuwa nyeusi zina kemikali zisizofaa, zikate.

Pumzisha nyama dakika 5 kwenye sahani. Kisha tazama nyuzi zinaelekea wapi na ukate kwa kuzikatiza, vipande vyembamba. Kwa ng'ombe wa majani, kisu kinacholala upande sahihi kinalainisha kuliko dawa yoyote.

Hatua ya sita: mchuzi wa kikaangoni

Usioshe kikaango. Katika mabaki yale, kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili, kisha mimina kikombe kimoja cha maji au supu na ukwangue chini. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini sana wa pakiti, si sembe, ndani ya maji baridi vijiko viwili. Mimina ukikoroga, uchemke dakika moja, mchuzi utashika. Ukiutia wanga mkavu moja kwa moja kwenye mchuzi wa moto utapata mabonge, kwani punje za nje huvimba na kuzifungia za ndani. Ongeza ndimu mwishoni.

Wanga huohuo unaokoa nyama ya paja. Kata vipande vyembamba kukatiza nyuzi, changanya na kijiko kimoja cha wanga, kijiko cha mafuta na chumvi, acha robo saa, kaanga kwa moto mkali dakika mbili tatu. Wapishi wa Kichina wanafanya hivi, utando wa wanga hushika maji ya nyama. Kwa bei ya paja, unapata ulaini unaokaribia sarara.

Mezani

Kwa mwenye kisukari au anayekiogopa, anza na mboga na nyama, malizia na wanga. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell huko New York walionyesha kwamba watu wenye kisukari waliokula mboga na kuku kwanza, mkate baadaye, sukari yao ya damu ilipanda kidogo kuliko walipoanza na mkate, ingawa chakula kilikuwa kilekile. Hili halibadilishi dawa wala ushauri wa daktari, lakini halina gharama yoyote. Mwenye ugonjwa wa figo au wa gauti aulize hospitali kiasi cha nyama kinachomfaa, maana kwake hata gramu 150 zinaweza kuwa nyingi.

Chai isubiri saa moja. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale ya mboga na maharage. Ndimu kwenye kachumbari hufanya kinyume chake, na nyama yenyewe huusaidia mwili kuchukua chuma cha mchicha ulio pembeni yake. Hapo utaona hasara ya kutenganisha vyakula kama ule ujumbe wa simu unavyotaka. Mtoto aliyeanza kula, kuanzia miezi sita, apewe nyama iliyosagwa laini ndani ya viazi au ndizi zilizopondwa, si kunyweshwa mchuzi tu, kwani chuma kimebaki kwenye mnofu.

Kiporo

Wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake hubadilika na kuwa ngumu kusagwa na utumbo mwembamba, ikawa chakula cha bakteria wazuri walioko chini zaidi. Viazi na wali vya jana vilivyopashwa moto vina kiasi zaidi cha wanga huo kuliko vya leo. Faida ni ndogo, usile mara mbili kwa ajili yake.

Hatari ya wali ni kubwa kuliko faida hiyo ukiachwa mezani usiku kucha. Kuna bakteria ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa na joto, mbegu hizo huota na bakteria hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na uliwe kesho yake.

Steki iliyobaki usiirudishe kwenye moto mkali, itakauka kabisa. Ikate nyembamba ikiwa baridi, kaanga viazi vya jana na kitunguu na pilipili hoho hadi vishike rangi, kisha tia nyama dakika ya mwisho, ipate joto na kutoka.